KIWANJA NA KIVULI

Hotuba iliyotolewa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, kabla ya kupigwa kura juu ya kiwanja



Naishukuru Halmashauri kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa niseme habari za mahali na michezo iburudishayo maisha ya kila siku, naye Katibu amenionya nisipite nusu saa. Nitajitahidi, ingawa mwalimu mstaafu akisimamishwa mbele ya watu hufanana na ng'ombe aliyefunguliwa penye majani mabichi, kumrudisha si kazi rahisi.

Mmekwisha kusikia hesabu ya Mweka Hazina. Mwaka huu tumewazika wafu wetu kwa heshima, tumesaidia karo za watoto, na tumewachangia wagonjwa waliolazwa Tenwek na kwingineko. Hayo ndiyo yaliyotufanya tukaunda chama, wala sitayapunguzia sifa. Lakini nilipoisoma karatasi ile usiku, nikiwa peke yangu, niliona kwamba kila shilingi yetu imetumika kwa mtu aliyekufa, au aliye kitandani, au mtoto aliye mbali shuleni. Mtu mzima mwenye afya, aliye nyumbani, ambaye saa kumi na moja jioni amekwisha kupeleka majani yake kituoni na ng'ombe wake wamekwisha kukamwa, huyo hatukumtumia hata senti. Twamtambua akiugua, na akifa twamjengea hema. Na kitu kimoja tulicho nacho kwa ajili ya mtu huyo, yaani kiwanja kilicho nje ya mlango huu, ndicho leo tunachoombwa tukikodishe ili sehemu ya juu ijengwe vibanda vya biashara na sehemu ya chini ipandwe chai.

Hoja hiyo si ya kijinga, na waliyoileta ni watu ninaowaheshimu. Wasema kodi itakayopatikana itatupunguzia michango ya misiba, na ni kweli itapunguza. Nitairudia kabla sijaketi. Kwanza niruhusuni niwakumbushe mambo machache.

Wazee wetu hawakuwa na neno la "burudani" lililotengwa na kazi. Walikuwa na kokwet. Jirani walikutana chini ya mti, wakaamua mashauri ya ng'ombe na mipaka, na shauri lilipokwisha hawakuondoka. Walibaki. Vijana walikaa mbali kidogo wakisikiliza, na kwa kusikiliza huko wakajifunza jinsi mtu mzima anavyozungumza bila kumtukana mwenzake. Palipokuwa na pombe ya wimbi, wazee waliuzunguka mtungi kila mmoja na mrija wake mrefu, na mrija una adabu yake: huwezi kunywa ukikimbia, wala huwezi kunywa peke yako gizani. Siwahimizi mrudi kwenye mtungi, kwa maana wengi wetu tu watu wa kanisa, na mimi mwenyewe ni mmoja wao. Nasema tu kwamba kilevi cha siku hizi chanywewa kichochoroni, kwa haraka, na mtu aliyewapa wenzake mgongo.

Jioni ilikuwa na muziki. Hapa nataka nikae kidogo, kwa kuwa jambo hili lilitokea kwetu, na vijana wengi hawalijui, ijapokuwa watu wa ng'ambo wanalijua.

Mwaka 1950 alikuja Kapkatet Mwingereza mmoja, Hugh Tracey, aliyekuwa akiishi kusini mwa Afrika. Alizunguka na mashine ya kunasa sauti, akitafuta nyimbo za wenyeji kabla hazijapotea. Watu wa Kapkatet hawakumwimbia nyimbo za kale tu. Walimwimbia na wimbo mpya, uitwao Chemirocha, waliocheza kwa chepkong, kile kinubi chetu cha bakuli la mti lililowambwa ngozi. Kiongozi wa wasichana walioimba alikuwa Chemutoi Ketienya. Tracey alipouliza Chemirocha ni nani, akagundua kwamba ni Jimmie Rodgers, Mmarekani aliyewahi kufanya kazi ya reli, akawa mwimbaji wa gitaa, akafa kwa kifua kikuu mwaka 1933. Santuri zake zilikuwa zimefika huku kwenye milima yetu. Wasichana wale hawakumwona kamwe, hawakujua lugha yake, lakini sauti iliwapendeza, wakalipokea jina kwa namna ya ulimi wa Kikipsigis, wakamtungia wimbo, na katika wimbo huo wakamfanya kiumbe wa ajabu, nusu mtu na nusu paa.

Wako wanaocheka hadithi hii wakidhani kwamba yaonyesha ushamba. Mimi naona kinyume. Hebu fikirini: wasichana wa kijijini, kazi zao zikiwa kuchota maji, kukata kuni na kulea wadogo zao, wasikia sauti ngeni kutoka upande wa pili wa dunia. Hawaiogopi, wala hawaiigi kama kasuku. Waichukua, wakaikalisha kwenye chepkong, wakaifanya yao. Ili jambo kama hilo litokee yahitajiwa saa moja ya jioni isiyo na kazi, yahitajiwa mahali pa kukusanyika, na mtu mmoja mwenye kinubi ambaye hakuambiwa kwamba anapoteza wakati. Kanda za Tracey zikahifadhiwa Afrika ya Kusini katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954. Na mwaka 2014 watu wa maktaba hiyo, wakishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, walianza kuzirudisha sauti hizo kwa jamaa za walioziimba. Miaka zaidi ya 60 ilikuwa imepita. Je, akija mwingine na mashine yake leo jioni katika kata yetu, atanasa nini? Atanasa pikipiki.

Sasa nije kwenye kiwanja.

Mwezi Oktoba mwaka 1964 nalikuwa mtoto wa shule ya msingi. Mwalimu Mkuu wetu alikuwa na redio, akatuita tukaketi kwenye majani nje ya dirisha lake. Nchi yetu ilikuwa haijatimiza mwaka tangu ipate Uhuru. Tukaambiwa kwamba huko Tokyo, katika mbio za mita 800, Peter Snell wa New Zealand ametangulia, wa pili ni Mkanada, na wa tatu ni Wilson Kiprugut Chuma, mtu wa Kericho. Ile ndiyo medali ya kwanza kabisa ya Kenya katika Michezo ya Olimpiki. Miaka minne baadaye, Mexico, akapata fedha katika mbio zile zile, akipitwa na Ralph Doubell wa Australia kwa muda mdogo kuliko kupepesa jicho. Alifariki Novemba 2022, mwenye umri wa miaka 84, na wengi walioketi hapa walikuwako kumwomboleza.

Siku ile ya 1964 Mwalimu Mkuu hakutuhubiria. Alizima redio, akasema: "Kiwanja ni kile pale." Tukakimbia mpaka giza likaingia. Hakuna hata mmoja wetu aliyefika Olimpiki. Mmoja alikuwa dereva wa lori la chai, mwingine akawa mhubiri, mimi nikawa mwalimu wa hesabu. Lakini nikikutana leo na yeyote katika wale, hatuanzi kwa kuulizana bei ya bonasi, bali kwa kubishana ni nani aliyeshinda jioni ile. Ni mimi. Wao wakana.

Tunao sasa uwanja mkubwa mjini Kericho, uliotengenezwa vizuri kwa ajili ya Sikukuu ya Mashujaa ya Oktoba 20, 2023. Ni fahari yetu. Lakini mtoto wa kijijini hawezi kupanda matatu kila jioni kwenda kucheza mjini. Uwanja mkubwa ni wa siku kuu. Kiwanja kidogo ni wa siku zote.

Bwana Mwenyekiti, yafaa tukumbuke pia kwamba katika nchi hii ya chai mapumziko yalikuwa na ubaguzi wake. Kampuni za Brooke Bond na James Finlay ziliingia Kericho katikati ya miaka ya 1920, misitu na malisho yakawa mashamba. Wazungu wakajijengea klabu, wakawa na gofu na tenisi. Na katika miaka ya 1950 ikajengwa Tea Hotel, yenye bustani mfano wa picha. Baba zetu waliingia mahali hapo kwa mlango wa jikoni, wakiwa wamevaa kanzu nyeupe na kubeba sinia. Wala sisemi haya kwa kinyongo. Nasema ili tuone kwamba wale Wazungu, waliojulikana kwa ubahili wa hesabu zao na waliojua thamani ya kila eka ya chai, hawakupanda chai mpaka mlangoni. Waliacha majani mafupi ya kuchezea mpira mdogo. Karibu na Chagaik, kiasi cha kilomita 8 kutoka mjini, mwenye shamba mmoja, Tom Grumbley, alipanda miti ya kila namna kando ya bwawa miaka ya 1940, si kwa kuuza mbao, bali ili watu wapite chini yake. Wao walijua kwamba mtu asiye na mahali pa kukaa hafanyi kazi vizuri. Sisi tulipopewa nafasi yetu tulisahau.

Maana nafasi yetu tuliipata. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulifungua mlango kwa Mwafrika kupanda mazao ya kuuza. Mwaka 1964 ikaanzishwa KTDA. Na leo viwanda vya Kapkoros, Tirgaga, Mogogosiek, Litein na Momul vyapokea majani ya mkulima mdogo. Karo mliyolipia watoto imetoka humo. Lakini jina Kapkoros lina maana gani? Wazee mnajua. Kapkoros palikuwa mahali pa juu ambapo kijiji kizima kilikwenda kuomba na kuimba pamoja. Leo mtoto akisikia jina hilo awaza kiwanda.

Na hapa sina budi kuungama. Mwaka 1977 bei ya chai ilipanda kuliko tulivyowahi kuona. Mimi nalikuwa mwalimu kijana na katibu wa kamati ya mtaa wetu. Palikuwa na mti wa kokwet, mkubwa, ambao watu watatu wakishikana mikono hawakuuzunguka, na chini yake ardhi isiyo na mwenyewe, kiasi cha nusu eka. Nilitoa hoja kwamba ardhi ile imelala bure. Nilipiga hesabu ubaoni, miche mingapi, kilo ngapi, shilingi ngapi, na hesabu ilikuwa sahihi kabisa. Mzee mmoja, marehemu sasa, aliniuliza: "Mwalimu, na sisi umetupiga hesabu?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Mti ukakatwa. Chai ikapandwa, na mpaka leo yachumwa.

Katika miaka miwili mashauri ya mtaa ule yalihamia kwa chifu. Ugomvi wa mpaka ambao zamani ungemalizwa jioni moja ukawa wa kwenda mahakamani, na familia mbili ambazo watoto wao niliwafundisha hawasalimiani hata sasa. Sisemi kwamba mti ungezuia kila ugomvi. Ila najua kwamba wazee wale walikuwa wakikutana kila siku hata pasipo na neno la kusemwa, na baada ya mti kukatwa walikutana penye ugomvi tu. Fedha za chai ile zilinunua mabati ya ofisi ya kamati. Yamekwisha kuota kutu.

Mwaniuliza, je, hakuna mahali papya? Pako. Mji wa Kericho una nyumba za ibada ambazo watu husafiri kuja kuzitazama. Kanisa kuu la Moyo Mtakatifu, lililowekwa wakfu mwaka 2015, lina paa linaloinuka kama kilima, na hata asiye Mkatoliki akiingia hupunguza sauti. Masingasinga wana hekalu lao, kwa kumbukumbu ya Puran Singh aliyeishi Kericho kabla hajahamia Uingereza, na mgeni yeyote akifika humo hupewa chakula bila kuulizwa kabila wala dini. Na katika vijiji vyetu mahali pazuri kuliko pote, kwa maoni yangu, ni pale ambapo hakuna aliyepakusudia kuwa pa burudani: kibanda cha kuuzia majani. Lori likichelewa, na lori huchelewa, pale hupatikana hadithi, mizaha, habari za wagonjwa, posa za harusi, na mabishano ya siasa yasiyo na damu. Akina mama huimba wakipepeta majani yasije yakaungua moto. Mara nyingine namwomba Mungu dereva apate pancha, ila namwomba isiwe pancha kubwa.

Nimetaja akina mama, na hapa wanaume wenzangu mnisamehe. Tukisema "mahali pa wazee kukaa" twawaza wanaume. Mwanamke wa nchi hii huamka kabla ya jogoo, huchuma chai, hukamua, hupika, na mapumziko yake huwa yale ya kuosha kibuyu kwa sosiot na kukipaka mkaa wa senetwet kwa ajili ya mursik. Mursik ile ndiyo tunayompelekea mwanariadha uwanja wa ndege, tukapigwa picha. Aliyeitengeneza hayumo pichani. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilipoanzishwa mwaka 1952, wanawake walipata siku moja katika juma ambayo mume hakuweza kuuliza "umekwenda wapi?" Bila mahali, siku hiyo haipatikani. Kikundi cha akina mama wa chama hiki hukutana jikoni kwa mmoja wao, na mvua ikinyesha hubanana kama kuku. Kama tutajenga banda pembeni mwa kiwanja, nataka funguo ya banda hilo iwe mikononi mwao.

Sasa nairudia hoja. Wanaoileta wasema vijana wenyewe hawakitumii kiwanja, kwamba siku hizi mchezo wao uko ndani ya simu. Ni kweli kwa sehemu. Nilikwenda kutazama, jioni sita mfululizo, nikihesabu kwa kalamu kama nilivyozoea. Wachache walicheza, kwa kuwa goli moja limeanguka, na upande wa bondeni maji hayatoki tangu mfereji uzibe. Wengi waliketi ukutani mwa duka wakicheza kamari kwa simu, wakitazama timu za Uingereza zikicheza, na kuweka shilingi zao juu ya miguu ya watu wasiowajua. Mmoja nilimfundisha darasa la saba. Nikamwuliza kwa nini hachezi mpira mwenyewe. Akanijibu kwa adabu: "Mwalimu, pale ni matope."

Vijana hawa ndio ambao zamani wangepata kazi ya kuchuma katika mashamba makubwa. Mashine za kuchumia zimeichukua kazi ile. Mnakumbuka Mei 2023, mashine zilipochomwa moto na watu wakaumia, polisi wakaja. Sitetei kuchoma mali ya mtu. Nasema tu, kijana aliyenyang'anywa kazi na mashine, akija jioni akute na kiwanja chake kimekuwa vibanda vya kukodi ambavyo hana fedha za kuvikodi, tutamwambia aende wapi? Kodi ya vibanda ingetusaidia kuwazika wafu. Nami nimekaa katika kamati ya misiba miaka tisa, na najua ni vijana wangapi tumewazika ambao ugonjwa wao ulianzia katika kichochoro cha chang'aa. Sitawataja, wazazi wao wamo humu.

Kwa hiyo naipinga hoja, na badala yake naomba mambo ambayo hayana gharama kubwa. Mfereji uzibuliwe, na kazi hiyo tuifanye wenyewe Jumamosi mbili, wazee wakileta chai na vijana majembe. Goli lisimamishwe. Upande wa juu, badala ya vibanda, tupande miti, na isiwe mikaratusi, kwa kuwa mikaratusi hunywa maji yote na kivuli chake ni chembamba. Tupande miti ya kwetu itakayochelewa kukua. Mimi sitaketi chini yake. Na yule mzee wa Litein aliye bado na chepkong yake, ambaye vijana humpita wakidhani ni fundi wa viti, alipwe nauli aje mara moja kwa mwezi. Kama fedha hazitoshi, toeni katika lile fungu la chakula cha Halmashauri. Naona Mweka Hazina ameinua kichwa.

Bwana Mwenyekiti, Katibu ananionyesha saa. Naona na mawingu yameshuka upande wa Mau, na mvua ya Kericho haisubiri ajenda. Kabla hatujapiga kura naomba jambo moja la kanuni: tutoke nje sote, wazee kwa vijana, tukakitazame kiwanja chenyewe. Ni hatua mia mbili. Kuna ng'ombe amefungwa kwenye mwamba wa goli lililobaki, na nadhani ni wangu.